Wamemtoa Nsimire Kwenye Wimbo

Enzi zetu wimbo ulikuwa na watu ndani. Sisemi waimbaji peke yao. Nasema jirani anayekohoa, mama anayefunika sufuria, mvua ya Bukavu inayopiga mabati mpaka gitaa linapotea na kurudi. Wewe uliyekulia mtaa wa Kadutu miaka yetu unanielewa. Redio yenu ilikuwa ya betri nne, na betri zikichoka mlizianika juani juu ya ukuta, jioni mkasikiliza tena kaseti ileile mpaka utepe ukaanza kuvuta maneno kama mlevi.

Siku hizi nyimbo zinaoshwa. Neno lao ni kusafisha. Nina hasira na neno hilo, na ninaandika nikiwa na hasira, kwa hiyo anayetaka kubembelezwa asome kwingine.

Tulikuwa tunaishi karibu na soko, mama yangu, dada yangu Nsimire na mimi. Baba alikuwa amekwisha kufa. Mama aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na harufu yao ilikaa katika nguo zetu za shule hata baada ya kufuliwa mara mbili. Mwalimu wa Kifaransa alitupanga dawati la nyuma kwa sababu hiyo. Hatukujali. Tulikuwa na kamba ya kuruka, tulikuwa na mawe matano ya kuchezea, na Jumamosi tulikuwa na Wawili wa Kadutu sebuleni kwetu.

Hao walikuwa wanamuziki. Bisimwa alikuwa mrefu, mpiga gitaa, na uzi mmoja wa gitaa lake aliutoa kwenye breki ya baiskeli. Sanvura alikuwa mfupi, mwashi, mikono imejaa saruji, lakini akifungua mdomo wanawake waliacha kupepeta mchele. Walipenda sebule yetu kwa sababu ilikuwa na dari ya mbao, sauti haikukimbilia mabatini. Na walipenda sombe ya mama, majani ya mihogo ya kutwanga, sitawaficha.

Walikuwa na desturi yao. Aliyewalisha siku hiyo waliliita jina lake katikati ya wimbo, na ilikuwa lazima aitike palepale, kaseti ikizunguka. Asipoitika wanaanza upya. Sanvura alituambia sababu yake: mtu anaitwa akiwa hai, basi asikike akiwa hai. Watu wa mtaa walipanga foleni na mabakuli yao ili waitwe.

Kaseti ya kwanza ilirekodiwa hivyo. Mimi nilikuwa na miaka saba, Nsimire tisa. Ndiye aliyebeba sahani ya bugali kutoka jikoni, na njiani alikuwa ameimega bila ruhusa. Ulipofika wimbo wa tatu Sanvura akaita, "Nsimire, mtoto wa nyumba, uko?" Na dada yangu, mdomo umejaa, akajibu, "Niko, ninakula!" Bisimwa akacheka, gitaa likajikwaa, likaendelea. Hawakurudia, jibu lilikuwa limetolewa. Mama alimfinya sikio. "Mutoto wa bibi anajibu na bugali mu kinywa mbele ya kaseti," alisema, na wiki nzima aliwasimulia wateja wake sokoni, huku akijifanya ameona aibu.

Basi Bukavu nzima ikalichukua jibu hilo. Ukimwita mtu dukani, anakujibu "Niko, ninakula". Ukiita mahudhurio darasani, jibu ni hilohilo, na fimbo juu yake. Leo, hapa Johannesburg, namwita binti yangu mara tatu, amejaza ndude masikioni, na akiitika anaitika kwa Kizulu, bila kuinua macho. Hata njaa hawaisikii, achilia mbali mama zao.

Kaseti ya pili sina mengi ya kusema. Walikwenda Bujumbura katika studio ya kweli, wakapewa ngoma ya mashine, hakuna aliyeitwa na hakuna aliyeitika. Sisi watoto tuliichukia. Mama aliitumia kuzuia dirisha lisigonge.

Halafu vita vikaja. Tuliondoka kwa miguu kuelekea Uvira na maelfu ya wengine. Asubuhi ya pili, kwenye daraja, watu walisukumana, na mkono uliomwachia Nsimire ulikuwa wangu. Alikuwa na miaka kumi na tano. Tulimtafuta siku nne pembeni ya barabara ile, kisha tukasukumwa mbele na wengine. Hakuna aliyemwona amekufa. Hakuna aliyemwona tena. Picha zetu zote zilibaki Kadutu. Kitu kimoja tu mama alikuwa amekifunga katika kitenge kiunoni: ile kaseti ya kwanza, aliyopewa na Sanvura mwenyewe.

Kaseti ya tatu Wawili waliirekodi kambini Zambia, tulikoishia sote kama wakimbizi, na hiyo ndiyo kaseti ninayoiogopa. Ndani yake wanaita majina ya waliokufa. Wanaliita jina, kisha gitaa linanyamaza kwa pumzi mbili, na katika kimya hicho hakuna anayeitika. Kisha jina lingine. Walikuja kwenye hema letu, kofia mikononi, kumuuliza mama kama wamtie na Nsimire. Mama alikuwa anachambua maharage na hakuinua kichwa. "Huyu hamutamwita," alisema. "Huyu atajibu mwenyewe." Wakaondoka. Tangu siku ile, karibu miaka thelathini, nyumbani kwetu matanga ya Nsimire hayakuwahi kutajwa, na mama anaitwa Mama Nsimire, na ole wake anayesema marehemu.

Ya nne waliifanyia hapa Johannesburg, wazee tayari. Bisimwa alikuwa mlinzi wa magari, na kuna wimbo mzima kuhusu kusimama kwenye robot, taa za barabarani, mwezi wa Julai na gitaa la baridi. Ni kaseti nzuri, ya watu waliochoka. Bisimwa alizikwa hapa. Sanvura alirudi Lusaka, akafia huko.

Mwaka jana Trésor, mtoto wa Bisimwa, mwanamume wa miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa hapa, akaja kwenye duka langu la kushona Rosettenville. Alitaka kuzitoa upya kaseti zote nne za baba yake, kwa sauti mpya, ili dunia iwajue. Tatu alikuwa nazo. Ya kwanza hakuwa nayo. Mama alikataa. Mimi ndiye niliyembembeleza siku nyingi. Nilimwambia utepe unaoza, Mama, kule itahifadhiwa. Akanipa mkononi, nikampelekea Trésor. Sina wa kumsingizia kwa hilo.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulikwenda Newtown kwenye ukumbi wa uzinduzi. Nilimshonea mama kitenge kipya, akakaa mstari wa mbele. Ukumbi ulijaa watu wa rika letu, wanawake wa saluni, mafundi, walinzi waliobadilishana zamu ili waje. Trésor akaanza na kaseti ya kwanza. Lazima niwe mkweli, gitaa lilikuwa zuri. Nilisikia vidole vya Bisimwa vikitembea, kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Mvua haikuwepo. Sufuria hazikuwepo. Nikajiambia haidhuru.

Ukafika wimbo wa tatu. Sanvura akaita, sauti safi kama anayekusemesha sikioni, "Nsimire, mtoto wa nyumba, uko?"

Kimya. Pumzi mbili. Kisha gitaa likaendelea, halikujikwaa.

Mama alinishika goti. "Bamemutosha mutoto," alisema, wamemtoa. Kisha akasema, polepole zaidi, "Banamwita, hajibu."

Nilimfuata Trésor kwenye mashine zake.

"Dada yangu yuko wapi?"

"Eish, Aunty, dada gani?"

"Mtoto anayejibu. Anaitwa, anajibu."

"Ah, ile. Ile ilikuwa kelele, Aunty. Mtoto ana chakula mdomoni, sufuria zinapigwa, na baba anakosea gitaa. Nilisafisha." Alitabasamu, alidhani namshukuru. "Jina niliacha. Nikaweka kimya, kama kwenye album ya tatu. Ni style yao."

"Unajua kimya cha album ya tatu ni cha nini?"

Hakujua. Baba yake alimlea na kumsomesha na hakumwambia, kwa sababu mtoto alikuwa anajibu kwa Kiingereza na mzee alikuwa anatoka zamu amechoka. Nilimwambia mimi, pale pale, na niliona uso wake unabadilika. Nikamdai kaseti. Ilikatika mashineni, alisema, akaitupa. Nikamdai nakala isiyooshwa. "Aunty, nani anaweka ya uchafu?" alisema, lakini sasa kwa sauti ya chini. Kila alipomaliza kusafisha sehemu alifuta ya zamani. Tangu siku ile nimetuma ujumbe Bukavu, Uvira, hata Kigoma. Kila mtu anaikumbuka kaseti hiyo, hakuna aliye nayo.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. "Rudisha kidogo," alimwambia. Trésor akaniangalia, kisha akarudisha.

"Nsimire, mtoto wa nyumba, uko?"

Na ukumbi mzima ukajibu. Wale mama wa saluni, wale walinzi, watu wa miaka arobaini na zaidi waliokua na jibu lile mdomoni, wote kwa pamoja, "Niko, ninakula!" Wengine walikuwa wanalia. Nami nilijibu. Mama peke yake hakufungua mdomo. Aligeuka akatutazama, uso baada ya uso, mstari baada ya mstari, mpaka wimbo ukaisha. Kisha akaomba arudishwe nyumbani.

Tulikuwa ndani ya gari, karibu na uwanja wa farasi wa Turffontein. "Bote banajibu muzuri," alisema. "Yeye hakukuwa kati yabo." Asubuhi ya Jumatatu akanipa pesa ya kitambaa cheusi, cha sisi wawili, na akasema matanga yatakuwa Jumamosi, mwite na yule mtoto wa Bisimwa aje na gitaa.

Watu wa kanisa wananiambia afadhali, mama amepata amani. Sitaki amani iliyoletwa na mashine ya kufuta kelele. Enzi zetu mtu akiitwa asipoitika, tulitoka kumtafuta. Tulipita nyumba kwa nyumba na vibatari. Siku hizi asipoitika wanasema sauti imetulia, wanakuuzia. Mimi ndiye niliyeachia mkono kwenye daraja, na mimi ndiye niliyepeleka kaseti, na nilikuwa bado nasubiri. Hakuna aliyeniuliza kama nimemaliza kusubiri.

Kitambaa kilikaa juu ya cherehani tangu Jumatatu. Kila asubuhi mama alipita dukani akauliza, "Umekata?" Nami nikasema bado, mkasi umepoteza makali, wateja ni wengi, kesho. Alinijua ninadanganya. Alinilea.

Leo nimefungua duka nikakuta ameshafika, ufunguo wa akiba anao. Kitambaa kimekatwa. Mikono yake inatetemeka siku hizi, bega moja la vazi limepanda kuliko lingine na mkasi umekula ukingo. Nimeokota vipande, nikavipima kifuani kwangu, vikanienea. Ameanza na vazi langu.