Posti ya Waya ya Bwana Yangu

Miaka ya vita, treni iliposimama hapa Kalemie, bwana yangu alirudi nyumbani na sanduku lake la vyombo akakaa kwenye baraza. Alikuwa ametumika katika atelie, karakana ya reli, tangu ujana, kazi yake kusude, yaani kuunga chuma na chuma kwa moto wa umeme. Asubuhi anakaa, muchana anakaa. Mimi nilikuwa nauza unga wa mihogo sokoni. Ninatoka na beseni kichwani, ninarudi, ninamukuta palepale, jua limemufikia usoni na hakuhama.

"Papa, utaota mizizi hapo," nikamwambia bwana yangu. Hakucheka.

Kulikuwa na neno lingine, na hilo tulilijua sisi wawili tu. Mukono wake wa kuume ulikuwa umeanza kutetemeka. Katika atelie walitumia bageti, vile vijiti vya kusudia. Bageti inataka mukono uliotulia. Ukishuka kidogo inanata kwenye chuma, ukipanda kidogo moto unakatika. Kila muntu alikuwa anaomba treni irudi. Yeye aliogopa irudi, kwa sababu siku hiyo wenzake wangemuona.

Kaka yangu alikuwa anavuka ziwa kwenda Kigoma siku bandari inaporuhusu. Akatuletea habari kwamba kule kuna posti mbili, yaani mashine za kusude, za bei ya chini, zote zimeshatumika. Moja kubwa, ya bageti. Nyingine ndogo, nyekundu, waya wake umezungushwa ndani kama uzi wa cherehani.

"Ile ya waya," bwana yangu akasema mara moja.

"Ile si ni muchezo wa watoto?" nikasema. "Chukua yenye nguvu."

Akangoja kaka atoke, halafu akanieleza kwa sauti ndogo. "Mama, waya unatoka wenyewe kwa mwendo wake. Mimi ninaulaza mukono juu ya chuma, ninavuta tu. Pale hata kama unatetemeka, hautaonekana."

Basi nikauza vitenge vyangu viwili vya sikukuu, ikanunuliwa ile ndogo. Nilimuuliza kama atafungua kazi barabarani. Akasema hapana, hii si ya biashara, njo ya kujipima mwenyewe. Alitaka kunitengenezea kigari cha magurudumu mawili, nisukume unga wangu mpaka sokoni, nipumzishe shingo.

Rafiki yake mumoja wa atelie akaja kuangalia. Akaizunguka, akainama.

"Papa, hii ni posti ao ni redio? Nitafute habari za vita humu?"

"Utazipata," bwana yangu akamujibu. "Lete sikio nikushonee."

Chombo cha mukononi, kile ambamo waya unatokea, wao walikiita pistole, yaani bastola. Nikawafokea wote wawili. "Na museme neno hilo kwa sauti, waaskari waje kutafuta pistole katika nyumba yangu!" Tangu siku hiyo tukakiita mukia.

Sasa nieleze desturi yao ya atelie. Muntu aliyeunga chuma hapigi kiungo chake mwenyewe. Anamupa mwingine nyundo, na huyo anapiga kwa nguvu zake zote, bila kumuangalia usoni. Kiungo kikikatika, hakuna maneno, unarudia. Bwana yangu akanipa mimi nyundo. "Wewe hauna huruma," alisema, na alisema kwa kunisifu. Ni kweli. Nilisoma miaka miwili tu, lakini kusema kitu kama kilivyo sikuhitaji kufundishwa.

Mara ya kwanza nilipiga pigo moja. Mushono ulibanduka muzima, kama gamba la kidonda. Juu ulikuwa muzuri, laini, chini haukuingia hata kidogo.

"Umekaa juu kama uji juu ya meza," nikasema.

"Nimeona."

Kisa cha kwanza kilikuwa umeme. Ulikuwa dhaifu miaka ile, na jirani yetu alikuwa na mashine ya kusaga mahindi. Ikinguruma, taa zetu zinakuwa nyekundu na posti inakosa pumzi. Jirani alikuwa Muislamu, na Ijumaa saa sita alizima mashine akaenda kusali. Basi Ijumaa muchana ikawa siku yetu. Jirani mwenyewe alitutania: "Mimi ninaenda kumuabudu Mungu, ninyi munaabudu waya."

Kila Ijumaa aliongeza kitu kimoja. Kibano kinachoshika chuma kilikuwa bati tupu, akakitupa, akatengeneza kingine cha shaba nzito. Waya mwembamba murefu wa kuleta umeme akaufupisha, akaweka munene, akaisogeza posti mpaka karibu na mita ya umeme. Chupa ya gazi, ile hewa ya kulinda moto wa waya, haikupatikana Kalemie kwa sala wala kwa machozi, kwa hiyo kaka akaleta waya wenye unga ndani, usiotaka gazi. Ukatema cheche kama mafuta yenye maji. Siku tatu akawaza. Mwishoni akafungua kifuniko, akageuza nyaya mbili za umeme, wa huku akaupeleka kule, na moto ukatulia. Akalegeza vile vigurudumu vinavyosukuma waya, maana vilikuwa vinauponda. Akaja kuniomba mbabula yangu, atie chuma joto juu ya makaa kabla ya kukiunga.

"Na ugali nitapikia wapi?"

"Leo tule chuma, Mama."

Nilipiga kila Ijumaa. Mapigo mawili, kikakatika. Mapigo matano, kikakatika. Baadaye siku moja nilipiga mpaka bega likauma, chuma kikapinda na mushono ukabaki. Aliimba siku hiyo, yeye ambaye hata kanisani alikuwa anatikisa midomo tu.

Akaanza kigari. Lakini wiki ile ya kuunga mahali pa kushikia ekseli, mukono ukazidi. Alimwaga chai. Alifunga vifungo vya shati kwa muda murefu, nikamuona kupitia mulango, nikarudi jikoni. Ijumaa aliulaza mukono juu ya chuma kama kawaida, na niliona hata bega linacheza. Nikajisemea, leo kiungo hakikushika. Nikafikiri kitakatika mbele ya rafiki yake, ambaye alikuwa ameketi pale kwenye kigoda.

Akavua maski, akanipa nyundo.

Nilipiga. Nilipiga mara tatu, na mara zote tatu nilizuia mukono kabla haujafika.

Watu wa chuma wanajua sauti. Rafiki yake akaangalia chini. Bwana yangu akanyosha mukono, ule unaotetemeka, akaichukua nyundo kutoka kwangu. Akapiga kiungo chake mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kumuona akifanya. Alipiga kwa hasira, sijui mara ngapi. Chuma cha pembeni kikapinda. Kiungo hakikutikisika.

Kilikuwa kimeshika vizuri kuliko vyote.

Nikasema, "Ona, Papa, kimeshika!"

"Wewe ulijua hakitashika," akasema.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Akachomoa waya ukutani, akauzungusha taratibu, akafunika posti kwa gunia. Rafiki yake akaaga. Kwa jirani mashine ya kusaga ikaanza kunguruma.

Nilijaribu. Nilimuletea sufuria iliyovunjika mushikio, nikamuletea bawaba ya mulango. Alisema niwapelekee vijana wa barabarani. Kigari kilibaki na upande mumoja. Nilimwambia, "Papa, nilikosea." Akajibu, "Haukukosea, uliona."

Muntu mumoja wa Manono akaja na kinga lake, yaani baiskeli, kununua posti. Alikuwa mugeni wa kazi, anataka kujifunzia nyumbani. Bwana yangu alisimama naye muchana muzima, mikono ameificha nyuma, akamueleza yote: ule unga ndani ya waya, nyaya za kugeuza, vigurudumu visibane, chuma kipate joto kwanza, na umeme auvizie wakati watu hawasagi. Sikuwa nimemusikia akisema maneno mengi hivyo tangu aliposimamisha kazi.

Yule muntu akashangaa. "Papa, unaijua hivi, na unaiuza sababu gani?"

Nilikuwa pale, ninachekecha unga. Bwana yangu hakuniangalia.

"Macho," akasema. "Macho yameisha."

Macho yake yalikuwa mazima. Yalikuwa mazima mpaka siku alipokufa, na treni ilikuwa bado haijarudi. Mimi ambaye sikuwahi kuacha uongo upite mbele yangu, huo niliuacha upite. Kisha nikanyanyuka, nikamusaidia yule muntu kuifunga posti nyuma ya kinga kwa kamba za mupira, nikakaza sana ili isianguke njiani.