Pete Isiyotosha Kidole

Walionimaliza ni watatu: mume wangu, dada yake, na pasta wa kanisa letu la mabati kule Kaptembwo. Wakisoma hapa watajijua.

Mtoto wangu wa tatu alikuwa karibu aende na mimi. Nilivuja damu mpaka nikaongezwa ya watu wengine, na daktari akamwambia mume wangu nikiwa hapo kitandani: huyu mama asizae tena. Akaitikia "sawa daktari" kwa heshima zote. Tulipofika nyumbani akasema daktari si Mungu. Tembe zangu za kupanga uzazi alizipata chini ya godoro, akazitupa chooni. Nikajaribu sindano, nikatoka damu miezi miwili mfululizo.

Mwaka huo wa 2007 nilikuwa nafua nguo kwa familia moja ya Wahindi mjini Nakuru, wauza vitambaa. Mke wa kijana wao, sisi wafanyakazi tulimwita bhabhi, yaani shemeji kwa lugha yao, ndiye alinionea huruma. Dadake alikuwa anamletea kutoka ng'ambo pete ya mpira laini yenye dawa. Unaikunja, unaiingiza ukeni, inakaa wiki tatu. Wiki ya nne unaitupa, halafu unaweka mpya. Aliziweka kwa friji nyuma ya maziwa.

"Hata bwana hatajua," aliniambia.

Nilizitumia miezi mitano. Nilianza hata kunenepa kidogo kwa kukosa wasiwasi.

Lakini niliogopa mume wangu ataigusa. Akinitaka, naitoa kwanza, naisuuza, naificha kwa mkebe wa majani chai, baadaye narudisha. Bhabhi alisema inaruhusiwa, bora isikae nje zaidi ya masaa matatu. Jumapili moja ya Desemba, kabla sijairudisha, dada ya mume wangu akaingia kutoka Salgaa, akaenda moja kwa moja kupika chai.

"Mama watoto, hii nayo ni nini?"

Ningesema ni mpira wa thamosi, yangeisha hapo. Lakini neno lililonitoka ni lile la bhabhi.

"Ni pete tu."

"Pete?" Akaiinua juu. "Pete ya nani? Ya ndovu?"

Aliifunga kwa leso, akaibeba kanisani. Pasta alikuwa mwezi mzima akihubiri juu ya pete za majini ambazo waganga huuzia watu. Akaniita mbele. Akaijaribu kwa kidole chake, ikalegea. Akaijaribu kwa mkono wangu, ikakwama kwa vifundo.

"Kidoleni ni kubwa. Mkononi ni ndogo. Sasa mama, unaivaa wapi?"

Mume wangu alikuwa kiti cha pili. Nikisema ukweli, atajua nilikuwa nazuia mimba miezi yote hiyo. Nikinyamaza, mimi ni mtu wa majini. Nikanyamaza.

"Hajui hata anaivaa wapi!" dada yake akapiga kelele. "Imetoka kwa wale anawafulia!"

Waliichoma nje na mafuta taa. Ilinuka kama tairi. Watu wakaimba, na mume wangu akaniambia kazi ya mjini imekwisha.

Nilipanga kutoroka baada ya Krismasi nimwone bhabhi. Lakini baada ya uchaguzi watu wakaanza kukatana mapanga, barabara zikafungwa. Niliposikia habari ya familia yake, walikuwa wamefunga duka na kuhama. Wiki zile tulijifungia chumba kimoja mimi na mume wangu. Nilimwomba angoje.

"Watu wanakufa huko nje, na wewe unaninyima?" akasema. Hakungoja.

Nilijifungua Septemba. Mtoto alitoka amekufa, damu ikakataa kusimama, wakanitoa mfuko wa uzazi ndio nibaki hai. Pasta alikuja wodini akashukuru Mungu kwa ushuhuda huu, kwamba jini lilitaka kuniua likashindwa. Kabla mwaka uishe, dada ya mume wangu akamtafutia kaka yake bibi mwingine, wa kuzaa.

Watu wananiambia nisamehe, ati ni zamani. Nimejisamehe mimi, kwa kunyamaza siku ile. Hao watatu hawajaniomba, na wakiniomba sitawapa.