Jaketi la Majini Chini ya Koti

Namshukuru Mungu kwa kunipa miaka ya kuicheka siku ile, enzi za Mwingereza, nilipokuwa mwinjilisti kijana pale Kanazi. Niliitwa kwenye mafunzo Mwanza, na mmisionari mmoja akakubali kunichukua kutoka uwanja wa Bukoba kwa ndege yake ndogo.

Mke wangu, Mama Koku, ambaye sasa amelala katika Bwana, alikuwa amempoteza kaka yake ziwani, karibu na kisiwa cha Goziba. Angejua tunavuka maji, nisingeondoka. Basi nikamwambia tutapita nchi kavu, juu ya migomba ya Muleba.

Uwanjani mmisionari alinipa nichague jaketi la kujiokoa: moja nene, lililoshindiliwa sufi, na jingine jembamba, la kujaa hewa ukivuta kamba.

"Kamba hii usiivute ndani ya ndege," alionya. "Ukivimba utanasa mlangoni."

Nilichagua jembamba, si kwa busara, bali kwa sababu lilifichika chini ya koti. Nikalivaa juu ya kanzu, nikafunga vifungo vyote vya koti, nikajiona mjanja.

Mama Koku akaja kuniaga. Akaninyoosha kola kama alivyofanya kila Jumapili, kwa mikono ninayoikumbuka hadi leo, kisha akainama.

"Baba Koku, fundi amekuachia uzi."

Kabla sijamzuia, akauvuta. Fyuuu! Kifua kikavimba, vifungo vikaruka, mpira wa manjano ukanikaba shingo.

"Baba Koku," akauliza polepole, "hiyo migomba ya Muleba imeota ziwani?"