Injini Iliyojua Kupumzika

Nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza kwa sababu ndama walikosa mchungaji. Nisipoandika vizuri mnisamehe. Ila nitakayoandika ni kweli, hata yale yanayonitia aibu.

Nyuma ya nyumba yangu hapa Endamarariek kuna kibanda cha mabati ambamo marehemu mume wangu alisagia watu mahindi. Mawe ya kusagia ni mawe tu, mmeyaona. Cha kushangaza ni injini iliyoyazungusha: silinda moja nene iliyolala ubavu, na magurudumu mawili ya chuma, kila moja linanifika kifuani. Aliipata kwenye shamba la kahawa alikokuwa kibarua, mwenye shamba alipoondoka, ikaja kwa mkokoteni wa maksai wanane. Umeme ulipofika kijijini injini ikanyamaza, na mume wangu naye hakukawia. Tukaweka maharage humo. Kuku wakatagia chini ya magurudumu.

Mjukuu wangu, mtoto wa kike wa binti yangu, ni fundi wa kukereza vyuma kwenye gereji ya magari ya watalii, Karatu mjini. Chuma kikitoka mkononi mwake kinang'aa kama jino la mtoto. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ni wangu. Mwaka juzi alikuja kuchukua maharage, akaiona injini, akasahau maharage.

"Bibi, unajua hiki ni kitu gani?"

"Kiota cha kuku."

"Injini za namna hii hazitengenezwi tena. Niachie niifufue."

Tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada alikuja na mfuko wake. Alikereza pete mpya za pistoni, akakereza bushi za shaba, springi akazipinda mwenyewe. Kitabu cha injini hakikuwepo. Kitabu kilikuwa mimi.

Hapo ndipo penye aibu yangu. Miaka yote nimewaambia watoto na wajukuu kwamba mimi na babu yao tuliiendesha ile injini pamoja, bega kwa bega. Nimeisema sana mpaka nikaizoea. Basi mjukuu akawa ananiuliza, na mimi najibu. Siku moja akanionyesha matundu mawili ya boliti, kando ya fito ndefu inayosukuma valvu.

"Bibi, hapa palikuwa na nini? Kuna kitu kimetoka."

Nikapatazama kama daktari anavyotazama ulimi. "Kifuniko," nikasema. "Cha kuzuia vumbi la unga."

Akatengeneza kifuniko cha shaba, kizuri, hata altareni kingefaa.

Wakati huo mwanangu mkubwa, mjomba wake, alitaka kibanda kivunjwe ajenge vyumba vya wageni. Watalii wanaokwenda kreta kuona wanyama siku hizi wanalala mpaka huku kwetu, sikuona ubaya. Nikampa neno langu mbele ya mjukuu: mahindi yakiisha kuvunwa shambani na injini haijasaga, lori la vyuma chakavu liibebe. Na neno langu silirudishi. Hata mume wangu alilijua hilo.

Jumapili tuliyoijaribu injini, mahindi yalishakuwa uani yanangoja kupukuchuliwa. Mjukuu akazungusha gurudumu kwa mikono miwili. Injini ikakohoa, ikashika. Ikaongeza mwendo, ikaongeza tena, haina mpango wa kurudi. Mabati yakalia, sakafu ikatetemeka, boliti ya msingi ikakatika ikapita dirishani. Mjukuu akaliziba koo la hewa kwa gunia bichi, ikafa. Kiwiko chake kilikuwa kinatoka damu.

Mjomba wake alikuwa mlangoni. "Mama, hii itaua mtu. Jumamosi lori linakuja."

"Mjomba, niongezee wiki mbili tu."

"Shambani hamna hindi hata moja. Aliyeweka mpaka ni bibi yako, si mimi."

Mjukuu hakulia. Afadhali angelia. Alikaa chini akaanza kufuta spana zake, moja moja, na kuzirudisha mfukoni. Mwanangu alipoondoka nikamwambia:

"Mimi sikuwahi kuingia humu."

"Humu wapi?"

"Humu ndani, injini ikifanya kazi enzi zile. Babu yako hakuruhusu mwanamke. Alisema khanga hudakwa na mkanda. Nilikaa nje kwenye benchi na wenzangu na magunia yetu. Kile kifuniko nilikitunga."

Akafuta spana moja mpaka ikang'aa, akachukua ya pili.

"Wiki tatu nilikesha na kifuniko, Bibi."

"Najua."

"Basi niambie unachokijua kweli."

Nilichokijua kweli ni mlio. Ukikaa kwenye benchi kutwa nzima, mlio unakuingia mifupani. Nikachukua kijiti nikampigia kwenye debe. Mahindi yakiwa tele kwenye mawe: tu, tu, tu, tu, bila kukoma. Mahindi yakiisha: tu. Halafu kimya, magurudumu yanajiendea yenyewe, fuu, fuu, fuu, fuu. Halafu tu. Hatukuwa na haja ya kuchungulia. Injini ikianza kunyamaza, mwenye gunia linalofuata anainuka.

"Rudia hapo inaponyamaza," akasema. "Babu alikuwa anaishika?"

"Hakuna aliyeigusa. Mwenyewe yuko mlangoni anavuta tumbaku."

Akairudia injini, akaizuia ile fito kwa kidole, mbele kidogo ya matundu mawili. Akawa anajisemea. "Ikikimbia sana, kuna kitu kinaikamata fito. Valvu inabaki wazi, haivuti mafuta, inapumzika. Mwendo ukipungua, kinaiachia. Ndiyo maana gurudumuni kuna vile vyuma vizito viwili, vinatanuka mwendo ukizidi." Spana zikatoka mfukoni.

Aliomba ruhusa kazini. Kutoka kwenye ekseli ya gari bovu alikereza kipande chenye ncha kama ukucha wa jogoo, akakifunga kwenye matundu yale mawili. Ijumaa mchana akaiwasha. Ikashika, ikapanda, ikapanda, nikafumba macho. Tu. Fuu, fuu, fuu, fuu. Tu.

Fundi mwenzake aliyekuja naye kutoka gereji akatikisa kichwa. "Inamisi hiyo, sista, inaruka mapigo."

"Haimisi," nikamwambia kutoka kwenye benchi. "Inapumzika. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Mwanangu akaja na debe la mahindi begani. Hakumsalimia mtu, akalimwaga yote. Injini ikabadili sauti palepale: tu, tu, tu, tu. Unga ukatoka wa moto. Akaushika, akaunusa, akatoka nje akampigia dereva wa lori kwamba asije. Kisha nikamwona anapima kwa hatua nafasi ya vyumba vyake kule upande wa zizi.

"Bibi, ingia," mjukuu akaita.

Nikaifunga khanga yangu kwa nguvu, mafundo mawili, nikaingia. Nikasimama pale alipokuwa akisimama mume wangu, kati ya gurudumu na ukuta. Mbele ya uso kuna kale kadirisha boliti ilikopitia. Nikachungulia. Huoni barabara, huoni shamba. Unaona benchi tu, na mwisho wa benchi, mahali pangu.

Kumbe miaka yote ile alikuwa ananiona nikisinzia mdomo wazi, na hakuwahi kunitania.