Mahari ya dada yangu ndiyo ada yangu ya urubani

Admin, naomba jina langu lisitokee, dada yangu anausoma ukurasa huu.

Nina miaka 19, nimemaliza kidato cha sita, naishi na mama Kilole, Korogwe. Mimi ni mwoga wa kuongea mbele za watu, ila tangu darasa la tano nataka kuwa rubani. Matokeo yalipotoka vizuri nilipata nafasi kwenye chuo cha nje chenye gharama nafuu, lakini nikaambiwa mkopo wa wanafunzi hautolewi kwa masomo ya huko. Nikaulizia chuo cha hapa nchini. Ada ya kozi nzima, hata tungeuza shamba letu na la jirani, isingetosha.

Dada ndiyo kwanza alikuwa ameolewa Handeni na mfanyabiashara wa mifugo. Mahari aliyoitaja ilikuwa ng'ombe wanne. Akawauza wote mnadani, akaniletea pesa mkononi. Mama alishtuka. Dada akasema, "Mama, mahari ni haki yangu. Nimempa mdogo wangu." Shemeji alikuwepo, akacheka: "Haya, nimeoa mmoja, nasomesha wawili!" Tukacheka wote.

Pesa ile ilinilipia vipimo vya afya na hatua ya kwanza, yaani masomo ya darasani tu. Saa za kuruka zitalipwa na nani, mpaka leo sijui. Daktari alinisifu, akasema masikio yangu ni mazuri sana. Nilimpigia dada kumwambia, akapiga kigelegele.

Baada ya miezi minne dada alishuka kwenye bodaboda mlangoni kwetu, amejifunika kitenge usoni. Jicho moja lilikuwa halifunguki. Alisema anataka kujivua kwenye ndoa, yaani mume arudishiwe mahari yake naye aachwe huru. Wazee wa ukoo walipompigia shemeji simu, alijibu kwenye spika, tukisikia wote: "Sina neno. Ng'ombe wangu wanne warudi wakitembea." Kisha akaniita kwa utani wake wa siku zote: "Mke mdogo, upo? Mwambie dada yako apande ndege yako aondoke."

Mama alitaka twende polisi, dada akakataa. Tulipobaki wawili jikoni, hakuniomba kitu. Alikuwa anachambua mchicha tu. Mimi ndiye niliyesema, na hili sijamwambia mtu yeyote: "Dada, vumilia kidogo, mpaka nianze chuo."

Alimaliza kuchambua fungu lile. Akasema, "Sawa, rubani wangu." Kesho yake asubuhi akarudi Handeni.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona. Alikuwa uani anafua, amenipa mgongo. Nikaita, "Dada!" Hakugeuka. Nikaita tena kwa nguvu, mpaka mama wa nyumba ya pili akachungulia. Nilipomgusa bega aliruka, akakinga kichwa kwa mikono miwili. Sikio la kushoto halisikii tena kabisa, na la kulia husikia kwa shida. Shemeji alitoka ndani anachokonoa meno, nikamwamkia. Akaniambia, "Marahaba. Ongea kwa sauti, rubani, huyu siku hizi anajifanya hasikii."

Nilirudi nyumbani nikapiga simu chuoni. Wamesema nikijitoa kabla masomo hayajaanza watanirudishia karibu pesa yote, na kilichopungua mama yuko tayari kuuza mbuzi. Yakishaanza hawarudishi hata shilingi. Yanaanza Jumatatu ya wiki ijayo.

Nikampigia dada, nikalia, nikamwambia naichukua pesa ili atoke kwa yule mtu. Ilibidi nirudie mara tatu ndipo akanielewa. Akasema, "Usithubutu. Ukiirudisha sasa, sikio langu limekwenda bure." Akakata simu, na tangu siku hiyo hapokei.

Nikienda chuo, namwacha mikononi mwa mtu yule. Nikiirudisha, kwake nitakuwa nimemdhulumu mara ya pili. Ndugu zangu mnaosoma hapa, nitukaneni mkitaka, nastahili, lakini kabla ya Jumatatu hiyo naombeni mniambie: nimtii dada, au nimtoe kule hata kama hatanisamehe?