Ukurasa Ambao Sikuugeuza

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, uwele umeshavunwa na watu hawana kazi ila kubishana, gari la elimu ya watu wazima lilifika kijijini kwetu, upande wa Mtinko, likashusha sanduku la vitabu mlangoni pa ofisi ya kijiji. Mwanangu, laiti lingepata pancha njiani, mimi leo ningekuwa mzee mwenye usingizi mzuri zaidi.

Usinione nimekaa nakushauri ukadhani nimesoma sana. Shule nilikwenda, siwezi kukataa. Lakini darasa la sita sikulimaliza. Lenyewe ndilo lilinimaliza mimi. Hesabu za kugawanya zilitugawanya, wenzangu wakaenda mbele, mimi nikarudi kwenye ng'ombe. Ila kusoma kwa sauti nilijua, tena vizuri. Kwa hiyo wakati wa Ujamaa, tulipohamishiwa pamoja na nyumba zikapangwa mistari kama mahindi, nikateuliwa mwalimu wa kisomo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nafundisha watu waliokuwa wakinifuta kamasi juzijuzi. Wakiniita Mwalimu, shingo yangu inarefuka kama ya mbuni.

Sandukuni mlikuwa na vitabu vya kulima kisasa, na cha kuchimba choo, na cha kuogesha ng'ombe dawa. Na chini kabisa kulikuwa na kitabu kimoja kinene, mchwa wameshalisoma jalada lote. Jina la kitabu hakuna, la mwandishi hakuna. Nikakifungua, nikakuta ni hadithi ya mapenzi, na mapenzi yenyewe yako katikati ya vita kuu ya pili, ile vita ambayo hata huku kwetu vijana walichukuliwa wakawa askari wa Keya, jeshi la mkoloni, wakavushwa bahari. Basi, kitabu cha choo kikapumzika.

Kila alasiri, saa kumi, tukimaliza a-e-i-o-u, nilisoma kurasa tano. Nasoma Kiswahili, halafu nawageuzia Kinyaturu wale ambao Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni tu. Binti wa kitabuni anaitwa Zaituni. Mume wake, Idrisa, anachukuliwa vitani siku chache tu baada ya harusi. Zaituni anabaki na mama mkwe, njaa inaingia, na kuna mwalimu mmoja mpole anayewasaidia, anampenda lakini hasemi. Hiyo ndiyo hadithi. Lakini ungewasikia wasikilizaji!

Mzee Saidi, aliyekuwa Keya kweli na mguu wake mmoja haukukunjika tena mpaka kaburini, yeye aligombana na kitabu tangu mwanzo. Eti askari gani huyu anaandika barua kila wiki, wino anaupata wapi, sisi huko tulikuwa tunatafuta soksi. Wanaume wakauliza mahari ya Zaituni ilikuwa ng'ombe wangapi, maana kitabu hakikusema, na wao hawawezi kuhukumu jambo kama hawajui ng'ombe. Akina mama wakamchukia yule mwalimu mpole, halafu wakampenda, halafu wakagawanyika, wakawa hawaazimani hata kinu. Na tulipofika kwenye sura ya njaa, mama mmoja jirani yetu alikuja kesho yake na kibaba cha uwele. Akanikabidhi, akaniomba nimpelekee yule mama mkwe wa Zaituni, maana mimi ndiye ninayewajua.

Cheka, mwanangu. Na mimi nilicheka, nikaupokea, nikaula. Ungekuwa mtu mzima mwenye akili ungemwambia, mama, hawa watu hawapo, wametungwa. Mimi sikusema. Nilipenda kuwa mtu anayewajua. Kwao kitu kilichopigwa chapa ni kweli, kama Biblia, kama Kurani, kama tangazo la serikali. Mimi nilijua hivyo, nikanyamaza, na kosa langu lilianzia kwenye uji wa uwele ule.

Sasa nikwambie habari za shangazi yangu Marieta. Yeye ni dada yake baba, na ndiye aliyenilea mama alipofariki. Mume wake, Yohana, alichukuliwa Keya wakiwa hawajamaliza mwaka pamoja. Baada ya vita ikaja karatasi kutoka jeshini, mwinjilisti akaisoma: Yohana amepotea vitani. Basi. Shangazi akakaa kwa kaka yake. Miaka ikapita, mimi nikazaliwa, nikaota meno, nchi ikapata uhuru, nikakimbia shule, na yeye bado anasema mume wangu amepotea.

Na hapa, mwanangu, sikiliza neno hilo. Sisi ni watu wa ng'ombe. Kwetu ng'ombe aliyekufa tunamchuna, lakini aliyepotea tunamtafuta. Unaweza kumfuata mpaka Nduguti, ukakaa miezi, halafu siku moja anarudi mwenyewe na ndama. Kwa hiyo kwa shangazi, kupotea hakukuwa kufa. Kulikuwa ni kuchelewa.

Mwaka ule wa kitabu kulikuwa na bwana mmoja, Petro, mfuga nyuki, mfiwa na mke, mtu mpole wa maneno machache. Mizinga yake ilikuwa porini, na kila akirina asali, galoni ya kwanza inapita nyumbani kwetu. Hatimaye akatuma watu kwa baba kumposa shangazi. Mchungaji naye alishasema miaka imetosha, ndoa itafungwa. Baba akasema dada yangu si msichana, ajibu mwenyewe. Na shangazi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alianza kujipaka mafuta kabla ya kwenda kisomo.

Siku tuliyofika kwenye barua, mahali ambapo Zaituni anaandikiwa kwamba Idrisa amepotea vitani, watu wote walisogea karibu. Shangazi akaniambia rudia. Nikarudia. Akaniambia tena, soma neno lile peke yake. Nikasoma, amepotea. Akaitikia kwa kichwa.

"Na mimi waliniandikia hivyo hivyo," akasema. "Huyu mwandishi anajua. Basi mwambieni Petro angoje. Kitabu kikiisha, nitajibu."

Watu walicheka, wakadhani ni utani. Mimi pia. Petro alikuwa amekaa nyuma, kofia yake magotini. Yeye hakucheka.

Mwanangu, mimi mwisho nilishausoma. Nilikuwa nasoma mbele kwa siri, ili nijue wapi pa kupandisha sauti. Mwisho wa kitabu, Idrisa amekufa. Rafiki yake wa jeshini anakuja na kumweleza Zaituni jinsi alivyozama mtoni, mwili usionekane. Zaituni analia mwaka mzima, halafu anaolewa na yule mwalimu mpole, wanazaa, wanazeeka. Ni mwisho mzuri, wa watu wazima. Lakini wiki ile yote vijana walikuwa wananisimamisha njiani kunionya: Mwalimu, Idrisa asiporudi tutakuchapa wewe. Akina mama walinibembeleza. Mmoja aliahidi kuku. Na mimi mgema nilikuwa nimesifiwa, unajua mwenyewe tembo huwa analifanyaje.

Alasiri ya mwisho kijiji kizima kilikuja, hata wasiojiandikisha kisomo, hata mwenyekiti. Nikafika kwenye ule ukurasa wa rafiki wa jeshini. Nikatazama watu. Nikaona macho yale yote. Nikafungua mdomo na kilichotoka hakikuwa kitabuni.

Nilimrudisha Idrisa, mwanangu. Nilimleta kwa lori, Ijumaa, amebeba sanduku la mbao kichwani, ndevu mpaka kifuani. Nikamfanya apige hodi, na Zaituni anamtambua kwa kikohozi. Nikasema mwalimu mpole aliondoka kwa aibu, akaenda nchi ya mbali. Nilitunga kwa Kiswahili, nikageuza kwa Kinyaturu, nikaongeza chumvi kwenye Kinyaturu. Vigelegele vilipigwa mpaka ng'ombe wakageuka. Walinibeba mabegani. Mimi, mchunga ng'ombe wa darasa la sita, nabebwa juu kama mbunge.

Nikiwa kule juu nilimwona shangazi. Hakupiga kigelegele. Alikuwa amefumba macho na anatabasamu, kama mtu aliyepumzika baada ya kutua mzigo. Kule nyuma, Petro alikuwa anavaa kofia yake.

Kesho yake asubuhi shangazi alimwambia baba apeleke jibu: ahsante, lakini mimi nina mume, amechelewa tu. Imeandikwa.

Siku hiyo hiyo Mzee Saidi alinikuta kisimani. Akakaa kwenye jiwe, mguu wake ameunyoosha mbele kama jembe. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Kwetu mzee asipoitikia shikamoo, ujue ardhi imepasuka.

"Mimi kusoma sijui," akasema. "A naiona kama nyumba, basi. Lakini jana nilikuangalia mikono. Umesema maneno marefu kama njia ya Kintinku, na ukurasa hukuugeuza hata mara moja."

Nikacheka kidogo, kile kicheko cha mwizi. Nikamwambia babu, si hadithi tu, watu wamefurahi.

"Yohana nilikuwa naye," akasema. "Kikosi kimoja. Tulivuka mto, nikatokea mimi, yeye hakutokea. Kule tukisema mtu amepotea, maana yake hatukupata cha kuzika. Ni neno la heshima lile. Miaka yote nimeshindwa kumweleza Marieta, mdomo unakataa. Nikasema, afadhali kitabu hiki kitanisemea. Na wewe umekiziba mdomo." Kisha akainuka. "Nenda leo. Sio kesho. Petro bado hajafunga mizigo."

Nilimwambia nitakwenda. Na kweli nilikwenda mpaka mlangoni. Nikamkuta shangazi anasiriba ukuta wa nje kwa udongo mpya, anaimba. Nikajisemea, nitamwambia kesho, akiwa hana udongo mikononi. Kesho nikasema nitamwambia Jumapili. Jumapili nikaogopa watakaonicheka, maana nikikiri kwa mmoja nimekiri kwa wote, na mabega yale yaliyonibeba yatanitupa. Wiki ya tatu Petro aliondoka, akahamia upande wa Kintinku kwa ndugu zake. Mwaka uliofuata tukasikia ameoa. Nikashusha pumzi, mwanangu, nikafikiri limekwisha. Kumbe ndiyo kwanza lilikuwa linaota mizizi.

Maana shangazi sasa alingoja kweli kweli. Zamani alikuwa anangoja kwa mazoea, kama unavyongoja mvua. Sasa alingoja kwa ushahidi. Lori likisimama barabarani, anatoka. Ijumaa anapika cha ziada. Mtu akikohoa nje, mwiko unasimama hewani. Na alikazana na kisomo kuliko watu wote, akisema Yohana akirudi asimkute mjinga. Mimi ndiye nilimshika mkono nikamwonyesha herufi. Nikimwona anafuata mstari kwa kidole, nageuza macho, nafanya utani.

Ikapita miaka miwili. Alasiri moja alikuja darasani wenzake wameshaondoka, na kitabu kile kinene mkononi. Alikuwa amekiazima ofisini, mwezi mzima, na mimi sikujua. Akakaa karibu yangu, akafungua pale mwisho, akaweka kidole.

"Baba," akaniambia, maana aliniita baba tangu utoto wangu, kwa jina la babu, baba yake mzazi, nililorithi. "Nisahihishe kama nakosea."

Akasoma. Alisoma polepole, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. Rafiki. Wa. Idrisa. Akafika kwenye mto. Akafika kwenye mwili ambao haukuonekana. Akageuza ukurasa, akafika kwa yule mwalimu mpole, akasoma na harusi yote mpaka nukta ya mwisho. Hakukosea hata neno moja. Mimi mwalimu wake nilitamani akosee.

Akafunga kitabu.

"Umenifundisha vizuri," akasema.

Nikapiga magoti. Nikasema yote, na ya Mzee Saidi nikayasema. Akanisikiliza. Hakunipiga, hakunilaani. Akaniambia niinuke, suruali itachafuka, na nani ataifua. Halafu akaenda nyumbani, akajifungia, na kwa mara ya kwanza akamlilia Yohana kama anavyoliliwa mtu aliyekufa. Baba akaita watu, tukaweka matanga siku tatu bila kaburi. Hakuolewa tena. Aliyekuwa wa kumwoa alishakuwa na mtoto anayetambaa.

Aliishi miaka mingi baadaye, akanipikia, akacheka na utani wangu. Lakini tangu siku ile, nikimsomea jambo lolote, hata tangazo la chanjo ya kuku, alinyoosha mkono akasema lete nione mwenyewe. Hilo ndilo lililonichapa, mwanangu. Fimbo yake ilikuwa laini na haikuisha.

Sasa sikia ninalokuachia. Wewe leo ndiye macho ya wazee. Bibi yako anakupa simu umsomee ujumbe, babu yako anakupa karatasi ya hospitali. Utaona neno chungu, na utaona uso unaokutazama, na ulimi wako utataka kuweka sukari. Usiweke. Soma kilichoandikwa, halafu kaa naye alie. Kulia naye ni kazi yako. Kuandika upya si kazi yako. Hadithi itunge ukipenda, lakini sema ni hadithi, na uwele wa watu usiule. Na ukishakosa, usingoje mtu anawe udongo mikononi. Kweli ya leo ni dawa hata ikiwa chungu. Ya baada ya miaka miwili ni habari ya msiba. Maji yakimwagika hayazoleki, mimi nimejaribu kwa viganja vyote viwili.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe macho yasiyoruka mstari na mdomo usiopenda kubebwa mabegani. Akupe mtu wa kukungoja, na ukichelewa, akujalie ufike kabla hajafunga mizigo.