Andikeni Kwamba Hamjui

Wa kwanza kuisikia ile kelele alikuwa dereva wangu. Alirudi jioni kutoka Kibera, akazima lori mbele ya duka langu la vifaa vya ujenzi hapa Kawangware, akasimama mlangoni bila hata kuuliza kama kuna chai. Nikajua kuna neno.

"Mathe, hii gari inagonga."

"Inagonga nini na ni mpya?"

"Sijui. Ikiwa empty iko sawa. Ikibeba kokoto, ikianza kupanda mlima, unaskia ko-ko-ko huko chini. Ikifika juu inanyamaza, unadhani si yenyewe."

Sikubishana naye. Mtu huyu ameniendeshea malori tangu wanangu wakiwa chekechea, na huniita mathe, yaani mama, kama wao. Alikuja Nairobi kutoka magharibi, amepanga chumba Kianda, huko Kibera, na kila asubuhi hutembea kutoka huko mpaka kwangu, na sijawahi kufungua duka kabla hajafika. Akisema linagonga, linagonga. Kesho yake niliketi kando yake tukiwa tumebeba, na tulipoanza kupanda nikaisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Ilikuwa kama mtu amefungiwa chooni na anaomba afunguliwe.

Sasa, injini ile ilikuwa na waranti, dhamana ya kutengenezewa bure kwa muda fulani. Malori yote niliyowahi kumiliki kabla yake yalinifikia yakiwa yamechoka, na yalipogonga niliwaita mafundi wa hapa mtaani, wakafungua, tukajua moja. Hili nililinunua jipya makusudi nipumzike na mambo hayo. Duka langu linasimama juu ya lori hilo. Injini ikifa, sina uwezo wa kununua nyingine, na dereva wangu hana kazi. Lakini kampuni iliyoniuzia ilikuwa imepaka rangi nyekundu kwenye nati za injini. Fundi mwingine yeyote akigusa nati moja, rangi inapasuka, na waranti inakufa hapo hapo. Basi mafundi wa Kabiro, hapa mtaani kwetu, wakawa wanapita wakilitazama lori langu kama watu wanaotazama nyama ya harusi ambayo hawakualikwa. Mmoja aliniuliza, "Madam, si tufungue tu tuone?" Nikamfukuza, maskini.

Tukalipeleka kwa wenyewe, Industrial Area. Langoni pana kibao: malori yenye mzigo hayaruhusiwi kuingia, kwa kuwa ua wao umetandikwa matofali safi ya kabro. Tukaingia na lori tupu. Fundi wao akaliwasha, akalizungusha uani, akarudi.

"Hakuna kitu."

Nikamwambia kwamba linagonga likibeba tu. Hakuniangalia. Akamgeukia dereva wangu. "Buda, wewe hubadilisha gia saa ngapi?" Kila swali nililouliza mimi mwenye lori, jibu lilikwenda kwa dereva. Mimi niliulizwa jambo moja tu: kama mzee wangu angeweza kuja siku nyingine azungumze na meneja. Mzee wangu ni mwalimu wa Kiswahili, hajui hata oili inatiwa upande gani. Nikamwambia hivyo, na sikumwambia kwa sauti ya chini.

Tulirudi tena na tena. Kila mara waliliwasha likiwa tupu, na kila mara hapakuwa na kitu. Siku moja wakabadilisha oili, wakasema nitaona tofauti. Siku nyingine meneja wao, kijana mwenye shati lililonyooshwa vizuri, akaniambia, "Madam, hiyo ni normal. Diesel huwa na sauti yake." Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na vyura wenyewe tulikuwa sisi. Huku miezi ya waranti inayoyoma.

Ndipo siku moja, tukitoka machimboni na kokoto za mteja wa Kianda, nikamwambia dereva, "Pitia kwao. Hivi hivi, na mzigo."

Askari wa langoni akakataa. Nikashuka, nikamwambia lori halitoki hapo mpaka fundi aje, na kama anataka alisukume. Nyuma yetu magari ya wateja wengine yalikuwa yameanza kupiga honi. Najua hasira ni hasara, lakini kuna siku ndiyo mtaji pekee mtu alio nao. Meneja akatoka, akaona jinsi watu wanavyotazama, akamwita fundi. Dereva wangu wakamwacha langoni. Fundi akashika usukani yeye mwenyewe, meneja akapanda, nami nikajibana katikati yao. Tulipofika kwenye daraja la kupanda, ikaanza. Ko-ko-ko-ko. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikaa pale nikifurahi kusikia injini yangu ikiharibika.

Tukarudi ofisini, dereva wangu naye akaingia akaketi pembeni, kofia mapajani.

"Ni kweli, kuna sauti," meneja akasema.

"Inatoka wapi?"

Fundi akamwangalia meneja, meneja akaangalia kompyuta. "Hiyo ni ngumu kusema. Lakini inaonekana ni overloading."

Nikatoa mkobani risiti ya mizani ya machimboni, nikaiweka mezani. Mzigo ulikuwa chini ya uzito walioandika wao wenyewe kwenye mlango wa lori. Akaisoma, akaikunja, akanirudishia.

"Basi ni driving style."

"Lakini aliyekuwa anaendesha sasa hivi ni fundi wako!"

"Madam, damage huwa imeshafanyika."

Na sasa, nikagundua, alikuwa ananitazama mimi machoni. Alizungumza nami peke yangu, polepole, kwa adabu, na mtu aliyemtaja ameketi pale pale anasikia. Habari ya injini ilikuwa ya kuzungumzwa na mwanamume. Ilipofika lawama, ndipo nikatambuliwa kuwa mwenye mali. Nilitamani kumrushia kile kikombe chake cha kahawa.

Akanisogezea fomu. Kampuni itafungua injini na kuitengeneza bure, kwa hisani yao. Mimi nitie saini tu kwamba dereva wangu, jina lake hapa, nambari ya kitambulisho hapa, nambari ya leseni hapa, aliiharibu kwa kuendesha vibaya.

"Ni karatasi tu, madam. Ndiyo system ikubali."

Karatasi tu! Mtu ameshika usukani maisha yake yote, hajawahi kuua hata kuku barabarani, leo aandikwe kwenye kompyuta ya watu kwamba ni mharibifu wa injini. Akitafuta kazi kwingine, wakipiga simu kuuliza, wataambiwa nini? Nikamwuliza meneja kwa nini asiandike ukweli: kelele ipo, na kampuni haijui inatoka wapi.

Akageuza kompyuta nione. Palikuwa na majibu matatu ya kuchagua: kifaa kibovu, matumizi mabaya, hali ya kawaida.

"Unaona? Hakuna mahali pa 'hatujui.'"

Kabla sijamjibu, dereva wangu akainuka, akachukua kalamu mezani, akanipa.

"Mathe, saini. Weka ni mimi. Gari itengenezwe, tuende kazi."

"Keti chini."

"Si ni mimi nasema? Mimi nimezoea kuwekelewa makosa."

Hapo ndipo nilipokasirika kweli, na nilimkasirikia yeye kuliko wao. Nilimpokonya ile kalamu. Chini ya fomu palikuwa na nafasi ya maoni ya mteja, nikaandika kwa herufi kubwa: LORI LINAGONGA LIKIBEBA. DEREVA WANGU NDIYE ALIYESIKIA KWANZA. KAMPUNI HAIJUI SABABU. Nikatia saini yangu. Meneja akasema fomu ya namna hiyo haiwezi kukubaliwa na bila fomu hawagusi injini. Nikamwambia basi yeye na fundi wake wakae na fomu yao.

Tuliondoka na kokoto zetu. Dereva hakusema kitu mpaka tulipoingia barabara ya Mbagathi, na mimi nilikuwa nasubiri anishukuru. Nakiri nilikuwa nasubiri.

"Ungesaini," akasema.

"Kwamba uliharibu lori?"

"Ungesaini, mathe. Sasa umekataa juu yangu. Sawa. Lakini hii injini ikikufa kesho, watu wa Kawangware watasema aje? Si watasema madam alipoteza lori juu ya dere wake? Bado ni mimi tu."

Alikuwa amesema kweli, na ukweli wake uliniuma kuliko uongo wote wa siku ile. Mnyonge hana haki, hata anapotetewa.

"Weka kando," nikamwambia.

"Hapa?"

"Weka kando ushuke."

Uso wake ulibadilika. Alidhani ninamfuta kazi. Alisimamisha lori, akashuka akiwa ameacha injini ikinguruma, nami nikazunguka mbele, nikapanda upande wake. Leseni ya lori ninayo tangu usichana wangu, nilipokuwa nikimpelekea baba viazi sokoni, ingawa ni miaka mingi sijaendesha lori lenye mzigo.

"Panda upande ule."

Akapanda. Sijawahi kumwona ameketi upande ule.

"Ikifa sasa, nani alikuwa anaendesha?"

Akavuta mkanda, akaufunga.

"Nimekuuliza, nani?"

"Ni wewe, mathe."

"Uwaambie hivyo."

Nikaingiza gia, nikarudi barabarani. Alishika dashibodi kwa mikono miwili, na mlima ulipoanza, injini ikaanza kugonga.